Laptopu ya ofisi yenye siri za watu: Windows, Mac, Chromebook au Linux Mint?

Mama yangu mdogo kazi yake ni kusikiliza watu. Ana chumba kimoja pale Uyole, Mbeya, meza, viti vitatu, dirisha linatazama njia ya kwenda Tukuyu, na wanaoingia humo ni wajane wenye kesi za mirathi, mabinti waliopata mimba wakiwa shule, wanandoa wasioongea tena, watu waliopima wakapewa majibu na hawajui waanzie wapi kuwaambia nyumbani. Miaka yote ameandika kwenye daftari na kufungia kabatini. Sasa wanaomsaidia wanataka ripoti kwa kompyuta, ndo akanipigia: "Mwanangu, nitafutie laptopu, ila nasikia za siku hizi zinasikiliza maongezi, mimi kitu kama hicho siwezi kukiweka mezani."

Nikamwambia shikamoo mama, na nikamwambia ukweli, kwamba hilo sio la kupuuza. Mwenyewe nimeshakaa kwenye kikao Mwanjelwa, watu kumi wanaongea habari ya mkopo wa mwenzetu aliyeshindwa kulipa, mara laptopu iliyokuwa imefunguliwa pembeni ikadakia kwa Kiingereza kuuliza tumesemaje, na hakuna aliyekuwa anaongea nayo. Wote kimya. Yule mama mwenye deni alikusanya kanga yake akatoka na hakurudi siku hiyo. Kwahiyo mimi hili jambo naliona kwa sura ya yule mama, sio kwa sura ya matangazo.

Basi nikazilinganisha mashine ambazo kweli unaweza kuzipata huku kwetu, na naandika hapa maana walimu, manesi, makatibu wa vikundi, wanaoandikia watu mikataba na wosia kuanzia Iringa mpaka Tunduma wote wana swali hilihili.

Kwanza tuelewane zinavyofanya kazi. Msaidizi wa sauti, yaani programu unayoongea nayo ikakujibu, anayeamshwa kwa kuitwa jina lazima maikrofoni iwe wazi muda wote, kuna kiprogramu kidogo ndani ya mashine kinashika sekunde chache za sauti, kinalinganisha na jina lake, kisipolisikia kinafuta na kuendelea. Kikidhani kimelisikia ndo sauti inayofuata inachukuliwa na mara nyingi inasafiri kwenda kwenye seva za kampuni, nje ya nchi kabisa. Shida ipo kwenye hilo neno kudhani. Mwaka 2019 ndo mambo yalimwagika: mwezi Julai televisheni ya VRT ya Ubelgiji ilisikiliza rekodi zaidi ya 1,000 za msaidizi wa Google, ikakuta 153 kati yake ni maongezi ambayo hayakupaswa kurekodiwa kabisa maana mtu hakumwita msaidizi. Mwezi huohuo gazeti la Guardian likaandika kwamba wafanyakazi wa mkataba wa Apple walikuwa wanasikiliza vipande vya Siri, msaidizi wa sauti wa Apple, vingine vya watu wakiwa na daktari. Agosti ikawa zamu ya Microsoft, kwa msaidizi wao wa sauti Cortana na tafsiri ya Skype. Yaani binadamu, mtu na masikio yake, anasikiliza ili kurekebisha programu, na wenye sauti hawana habari.

Sasa jambo ambalo huku kwetu linabadilisha hesabu yote. Siri hajui Kiswahili. Cortana hakuwahi kukijua mpaka anaondolewa. Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe ndo usiseme. Mwenzetu wa Marekani anapokubali maikrofoni iwe wazi kuna kitu anapata, anapika huku anauliza muda, anaandikiwa barua, ameuza faragha kidogo kapewa urahisi. Mama mdogo atauza apewe nini? Maongezi ya ofisi yake yote ni Kiswahili na Kinyakyusa, mtu akianza na "ugonile" ile mashine haielewi chochote cha kumsaidia, ila sikio lake liko pale pale. Kwahiyo sikulinganisha nani ana msaidizi mwerevu zaidi. Nililinganisha kitu kimoja: nikimzima, anazimika kweli, na anabaki amezimika hata baada ya apdeti?

Windows

Hii naikalia muda mrefu maana ndo ipo kwenye laptopu karibu zote zinazouzwa hapa, zile EliteBook za HP, Latitude za Dell na ThinkPad za Lenovo zilizotumika ofisini Ulaya zikaja kwetu.

Historia yake kwenye kuzimika sio nzuri. Windows 10 ilitoka Julai 2015 na Cortana akiwa ndani, mwanzoni kulikuwa na kitufe cha kumzima kabisa, alafu apdeti kubwa ya Agosti 2016 ikakiondoa kile kitufe kwenye setingi za kawaida. Ukitaka kumzima uingie kwenye sera za mfumo, na sehemu hiyo toleo la nyumbani halina, au uchokonoe rejista, ghala la setingi za ndani za Windows, kazi ya fundi kabisa. Mtu aliyekuwa amemzima anaamka asubuhi mashine imejiapdeti na uchaguzi wake haupo tena. Hilo ndo linanifanya niwe mgumu na Windows hata leo ambapo mambo yamebadilika, maana yamebadilika kweli: Cortana alitolewa mwaka 2023, na sauti zinazotumwa kwa ajili ya kutambua maneno, kuanzia 2021 kampuni ilisema haziwekwi zikasikilizwa na watu mpaka mwenyewe ukubali kuzichangia.

Aliyekuja baada yake ni Copilot, msaidizi wa akili bandia wa Microsoft, mwaka huohuo 2023. Kwenye Windows 11 siku hizi ni programu kama programu nyingine, unaweza kuiondoa. Kule kuiamsha kwa kuiita kwa sauti hakuji kumewashwa, unawasha mwenyewe, na kusikilizia jina kunafanyika ndani ya mashine, ila ukishaiamsha maongezi yenyewe yanaenda kwenye seva. Hiyo ni nafuu kubwa ukilinganisha na 2016, nampa haki yake.

Ila kuna mlango ambao wengi hawaujui. Ukiingia setingi, sehemu ya faragha, ukazima maikrofoni, unaona orodha ya programu na vitufe, unadhani umemaliza. Vile vitufe vya mojamoja ni vya programu zinazotoka kwenye duka la Microsoft. Programu za kawaida, zile unazopakua kwenye tovuti au unawekewa na fundi kutoka kwenye fleshi, zina kitufe kimoja cha jumla kule chini, na Microsoft wenyewe wanaandika kwamba baadhi ya programu za aina hiyo zinaweza kuendelea kuifikia maikrofoni hata ukiwa umezima. Sasa fikiria laptopu zetu zinavyojazwa programu pale dukani kabla hujakabidhiwa, nani anajua kilichomo? Ukinunua Windows iliyotumika, futa kila kitu uanze upya, na usikubali kuambiwa "hii iko safi tu bosi."

Ukiwa setingi uzime na ule utambuzi wa sauti wa mtandaoni, uko peke yake kwenye sehemu ya matamshi, watu wengi wanaupita.

Na Recall, ile inayopiga picha ya skrini yako kila baada ya sekunde chache? Ilitangazwa Mei 2024, wataalamu wa usalama wakapiga kelele, ikarudishwa nyuma, sasa ni ya hiari na inafanya kazi kwenye mashine mpya za daraja la Copilot+ tu. ThinkPad ya mtumba haina. Tusiogopeshane na isiyotuhusu.

Kinachotuhusu ni tarehe 14 Oktoba 2025, siku Windows 10 ilipoacha kupewa apdeti za bure za kawaida. Windows 11 rasmi inataka, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kuendelea, na laptopu nyingi mitaani kwetu ni kizazi cha 6 na cha 7. Kwahiyo anayekuuzia Windows kwenye mashine ya namna hiyo anakuuzia ama mfumo usiopata tena apdeti za kawaida za kuziba matundu ya usalama, ama Windows 11 iliyolazimishwa kuingia.

Mac

Kwa ujenzi wenyewe Mac ndo inayoheshimu zaidi mtu anayetaka kuzima. Siri ilifika kwenye Mac Septemba 2016 na macOS Sierra. Unapowasha mashine mara ya kwanza unaulizwa unaitaka au hapana, ukikataa haupati usumbufu. Baada ya ile aibu ya 2019 Apple walisimamisha usikilizaji, wakaomba radhi, wakafanya kuchangia sauti kuwe kwa hiari. Usipochangia sauti haiwekwi, ila maandishi ya ulichosema yanawekwa, yamefungwa na namba ya kubahatisha badala ya akaunti yako kwa miezi 6, baada ya hapo yanaweza kukaa bila hiyo namba mpaka miaka 2. Kesi nayo ilifunguliwa Marekani kuhusu Siri kuamka bila kuitwa, Januari 2025 ikajulikana Apple wamekubali kulipa dola milioni 95 kuimaliza, huku wakisema hawakukosea.

Vitu viwili nimevipenda sana. Maikrofoni ikitumika kunatokea kidoa cha rangi ya chungwa juu kwenye skrini, tangu macOS Monterey ya 2021. Na MacBook zenye chipu ya usalama ya T2 (za 2018 na kuendelea) pamoja na hizi zenye chipu za Apple wenyewe za M (M1 na kuendelea), ukifunga mfuniko maikrofoni inakatwa kwa waya, sio kwa programu, hata programu mbaya ikiwa ndani haina njia. Kwa mama mdogo hiyo ingemaanisha mtu akiingia anafunga laptopu, basi, imeisha.

Ila sasa ngoja. Mwaka 2023, kwenye macOS Sonoma, Apple waliruhusu kwenye Mac za M uite jina tu bila ile "Hey" ya mwanzo. Jina lenyewe ni Siri! Hebu kaa kwenye ofisi ya mama mdogo saa moja uhesabu neno hilo linatajwa mara ngapi. "Mama, hii ni siri yangu na wewe." "Naomba iwe siri." "Hata mume wangu hajui, siri." Matamshi yanakaribiana mno, na walioitengeneza hawakuwa na mtu wa Uyole akilini. Neno letu la kufungia mdomo ndo limekuwa neno la kuamshia sikio. Sisemi itaamka kila mara, mashine inatafuta sauti inayofanana na ya mwenyewe na lugha iliyowekewa, ila mimi siwezi kuacha hilo jambo kwenye chumba ambacho neno hilo ndo kazi yenyewe. Ukiwa na Mac na unaongea Kiswahili, zima kuitwa kwa sauti siku ya kwanza. Kama unamhitaji Siri bado unaweza kumwita kwa kubonyeza.

Bei yake bado inauma, na ikiharibika ubao wa ndani mafundi wanaoiweza huku Mbeya unawahesabu kwa vidole. MacBook za zamani za Intel zisizo na T2 mimi nisingenunua kwa sababu ya faragha, ile faida ya mfuniko haipo.

Chromebook

Hapa nitakuwa mfupi. Ni laptopu inayotumia mfumo wa Google, na mashine yote inakaa juu ya akaunti ya Google, kazi zako, utafutaji wako, faili zako. Msaidizi unaweza kumzima kwenye setingi, na kuhifadhi rekodi za sauti kunategemea ukubali. Ila kwa ofisi ya mama mdogo swali la sauti linamezwa na swali kubwa zaidi, kwamba ripoti zenyewe zitakaa kwenye seva za mtu mwingine. Alafu Chromebook inategemea sana bando, na Uyole mtandao ukikata wakati wa mvua kazi nyingi zinasimama kama hukuziandaa kufanyika bila mtandao. Kwa mwanafunzi ni mashine nzuri na nyepesi. Kwa chumba cha ushauri, hapana.

Linux Mint

Mint ni mfumo wa kompyuta wa bure unaowekwa badala ya Windows, na hauji na msaidizi wa sauti wowote. Hakuna cha kuzima kwasababu hakuna kilichowashwa, na apdeti haiwezi kumrudisha mtu ambaye hajawahi kuwepo. Inaenda vizuri kwenye laptopu ya kizazi cha 6 yenye RAM ya GB 8, bure, na LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, inafungua na kuhifadhi faili za Word ambazo wafadhili wanazitaka.

Msije mkadhani nasema Linux ni malaika. Ubuntu, ambayo Mint imejengwa juu yake, mwaka 2012 kwenye toleo la 12.10 waliweka kitu kwamba unapotafuta faili lako ndani ya kompyuta yako mwenyewe, maneno uliyoandika yanapita kwenye seva za Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, ili wakuletee bidhaa za Amazon. Watu walilalamika kweli, na kwenye toleo la 16.04 ikaja ikiwa imezimwa tangu mwanzo. Kilichowasaidia ni kwamba kila mtu angeweza kusoma programu inafanya nini na kuonyesha kwa kidole. Na ukifungua tovuti ya akili bandia kwenye kivinjari ukaipa ruhusa ya maikrofoni, hapo Mint haikulindi, umefungua mlango mwenyewe.

Udhaifu wake ni huu: baadhi ya printa zinasumbua, kuna programu za uhasibu zinataka Windows tu, na kijana wa steshenari jirani ukimpelekea tatizo anaweza kukuambia tuweke Windows yaishe. Uwe na mtu wa kumpigia simu.

Kitu ambacho matangazo hayasemi

Katika kuhangaika nikagundua kwamba zile laptopu za kazini tunazoziita mtumba zina jambo ambalo mashine nyingi za bei rahisi mpya dukani hazina. Kwasababu zilitengenezwa kwa ajili ya mabenki na serikali, kwenye BIOS, ule ukurasa unaoingia kabla mfumo haujawaka, kuna sehemu ya kuzima maikrofoni. Kwenye ThinkPad ipo upande wa usalama, kwenye orodha ya milango ya vifaa, kwenye Latitude ipo kwenye sauti, kwenye EliteBook ipo kwenye vifaa vya ndani. Ukiizima pale, mfumo wowote utakaowaka juu yake unakuta mashine haina maikrofoni. Sio Windows, sio Copilot, sio programu ya fundi. Alafu unaweka paswedi ya BIOS ili mwingine asiiwashe. Siku ukitaka kikao cha mtandaoni unachomeka hedifoni ya USB yenye maikrofoni yake, ukimaliza unachomoa, unaiona kwa macho iko mezani haijachomekwa.

Na ThinkPad nyingi zina kitufe cha F4 chenye taa, taa ikiwaka maikrofoni imenyamazishwa. Sio imara kama BIOS ila kwa siku za kawaida kinasaidia. Kile kifuniko cha kamera watu wanachobandika, jamani, hakizuii sauti.

Nani achukue nini

Kama unaandika ripoti zenye majina na magonjwa na ugomvi wa ndani wa watu, chukua laptopu ya kazini iliyotumika, Linux Mint, maikrofoni imezimwa kwenye BIOS. Kama kazi yako haiwezekani bila Windows, basi kizazi cha 8 kuendelea, Windows 11 iliyowekwa upya mbele ya macho yako, Copilot umeondoa, utambuzi wa sauti wa mtandaoni umezima, na bado uzime kwenye BIOS. Kama una hela na unataka kitu kisichokusumbua, MacBook Air ya M1 au baada yake, kuitwa kwa sauti umezima kabla hujafanya jambo lingine, na ufunge mfuniko watu wakiwa wanaongea.

Na sheria sasa ipo upande wako na juu yako pia. Katiba ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili na kuzilinda, na taarifa za afya zimewekewa ulinzi wa juu zaidi. Hata kupeleka taarifa nje ya nchi kuna masharti. Mwenye ofisi ndogo Uyole au Kihesa asidhani hiyo ni ya makampuni ya simu tu.

Simu nazo, maana mama mdogo aliniuliza, "sasa na hii ya mfukoni je?" Swali zuri. Simu ina msaidizi vilevile na inaingia kila mahali. Tumeweka kikapu cha ukindu kwenye meza ya nje pale mlangoni, anayeingia kuongea anaacha simu humo akipenda, na ya mama mdogo mwenyewe inatangulia.

Tulichukua ThinkPad, prosesa ya kizazi cha 6, kutoka kwa kijana wa Kabwe anayeaminika. Jumamosi nzima tukiwa tumefunga madirisha kwa baridi ya Julai nilifuta, nikaweka Mint, nikaingia BIOS nikazima. Mama mdogo akataka kuhakikisha mwenyewe, akafungua programu ya kurekodi, akasogea karibu kabisa na skrini akasema kwa sauti ya kanisani, "Siri, siri, siri." Mstari wa sauti ukabaki umenyooka. Akairudia kwa Kinyakyusa. Umenyooka. Akafunga laptopu, akachukua funguo za kabati, akafungua tena laptopu, akaanza kunakili majina kutoka kwenye daftari la kwanza, na kwenye kila jina aliniambia nigeukie dirishani wakati anaandika.